Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kusoma Between Two Kingdoms kwa Jicho la Mchangiaji

Kitabu: Between Two Kingdoms: A Memoir of a Life Interrupted
Mwandishi: Suleika Jaouad
Mchapishaji: Random House, 2021

Nianze kwa kukiri: kwa kitabu hiki mimi si msomaji asiye na upande. Mwaka 2016 nililala kwenye kitanda cha hospitali mjini Chennai nikiwa mzima wa afya, nimeunganishwa na mashine kwa karibu saa tano, damu ikitoka mkono wa kushoto na kurudi kwa mkono wa kulia. Katikati ya mzunguko huo mashine ilichuja seli zinazozalisha damu na kuziweka kwenye mfuko, rangi yake kama mchuzi wa nyanya. Jioni mfuko ule ukatundikwa kwenye chuma cha dripu, ukaingizwa kwa mdogo wangu, kijana wa miaka 26 mwenye saratani ya damu. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameshika tasbihi, anasubiri tukio. Muuguzi akasema tayari, akavua glavu, akatoka.

Tangu siku hiyo nasoma vitabu vya wagonjwa kwa namna isiyo ya haki. Mwandishi ananiambia habari zake, mimi namtafuta ndugu yake. Nataka kujua aliyetoa alikuwa wapi, alikula nini, nani alimuuliza hali. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna kitabu cha binti aliyepandikizwa uloto wa mdogo wake wa kiume, nilikiagiza siku hiyo hiyo. (Uloto, kwa wasomaji wetu wa Kenya, ndio uboho. Tukishindwa kukubaliana hata jina la kitu kilichomo ndani ya mifupa yetu wenyewe, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakipenda, na sidhani kama nilichokasirikia kimeondoka.

Suleika Jaouad ni mtoto wa baba Mtunisia na mama Mswisi, kalelewa Marekani. Ana miaka 22, katoka Princeton juzi tu, yuko Paris na kazi mpya na mpenzi mpya. Mwili unaanza kumsaliti kwa vitu vidogo: muwasho, uchovu, vidonda mdomoni. Anarudishwa nyumbani, jimbo la New York, na mwaka 2011 anaambiwa ana saratani kali ya damu na kwamba uwezekano wa kupona na kuishi muda mrefu ni kama asilimia 35. Kemo ya kawaida haimshushi adui. Mwaka 2012 anapandikizwa uloto wa Adam, mdogo wake. Akiwa kitandani anaandika safu kwenye gazeti la New York Times, Life, Interrupted, na watu wasiomjua wanaanza kumwandikia barua. Sehemu kubwa ya miaka minne inapita hospitalini. Halafu matibabu yanakwisha. Yuko hai.

Hapo ndipo kitabu kinapofika nusu, na nusu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Nusu ya kwanza haihitaji utetezi wangu. Ni nzuri, inasomeka kwa kasi, na haina unafiki. Jaouad anaandika jinsi ugonjwa ulivyomfanya mtu mgumu kuishi naye: anavyomvuta yule mpenzi wake, Will, hadi kamba inakatika, halafu anamlaumu kwa kukatika. Sijasoma kumbukumbu nyingi za wagonjwa ambamo mgonjwa anakubali kuonekana vibaya namna hii. Sisi tuna adabu ya kumsafisha mgonjwa; akishaugua basi amekuwa malaika, hata yule aliyekuwa hasalimii mtaa mzima. Yeye hakujisafisha.

Kuna jambo moja la nusu hiyo linalonirudia mara kwa mara. Katika miezi ya hospitali, Jaouad na wazazi wake wanakubaliana kila mmoja afanye jambo moja kila siku kwa siku 100. Yeye anaandika shajara. Mama yake anachora kigae kimoja kila asubuhi. Baba yake anaandika kumbukumbu za utoto wake Tunisia, moja moja. Naisoma sehemu hii kama mtu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, sisi watatu, hatuna cha kufanya isipokuwa kuhesabu chembe nyeupe za damu za mtu mwingine kila asubuhi karatasi ya maabara inapoletwa. Tungekuwa na vigae vyetu labda tusingegombana vile kuhusu wali.

Namba hiyo 100 ishike. Siku ya kupandikizwa huitwa siku sifuri, na kutoka hapo kila kitu kinahesabiwa: siku ya 14, siku ya 30. Siku ya 100 ndiyo kituo kikubwa cha kwanza. Mpaka hapo mgonjwa anatakiwa awe karibu na hospitali, maana seli mpya ndiyo kwanza zinajenga kambi na chochote kinaweza kumuua, hata mafua. Nusu ya pili ya kitabu inasimulia safari ya kuizunguka Marekani kwa gari la kuazima, maili 15,000, yeye na mbwa wake Oscar, akienda kuwaona watu waliomwandikia barua. Safari ina siku ngapi? 100. Sidhani ni bahati. Amejipa muda wa uangalizi kwa mara ya pili, sasa bila daktari.

Kuhusu safari hii nina mashaka, na nitayasema bila kuzunguka. Kila anapofika, mwenyeji ana kidonda chake na hekima yake. Yuko mzee wa Ohio aliyeishi na ugonjwa maisha yake yote na bado akapenda. Yuko mwalimu wa California aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua. Wanapika, wanazungumza, Suleika analala kwenye kitanda cha wageni, asubuhi anaondoka na kitu alichojifunza. Mara ya kwanza inagusa. Mara ya nne unaanza kusikia gia ikibadilishwa. Watu wenye maisha marefu na machafu kama yetu wote wanabanwa wawe somo la kurasa kumi. Na sisi tunaosoma huku hatuwezi kuacha kujiuliza: kupona kwa namna hii kunagharimu kiasi gani? Mdogo wangu alipomaliza matibabu, safari yake ndefu ilikuwa daladala kutoka Mbagala hadi kliniki, barakoa usoni, miaka minne kabla ya Korona, watu wakimkwepa wakidhani ana kifua kikuu.

Lakini ngoja. Kati ya hospitali na barabara kuna kurasa chache ambazo naona ndizo moyo wa kitabu, na mwandishi mwenyewe anazipita haraka, kama mtu anayepita mtaa aliokopa. Matibabu yamekwisha. Marafiki aliougua nao wanakufa. Will ameondoka. Watu wanampongeza. Na yeye hawezi kutoka kitandani. Akiwa mgonjwa alijua kila asubuhi kazi yake ni nini: kutokufa. Sasa kazi imekwisha na hajapewa nyingine. Mwili umebaki na uchovu wa kizee, kichwa kimebaki na hofu ya kila joto linalopanda, na hakuna anayetaka kusikia, kwa sababu kwa wengine hadithi imeshaisha na imeisha vizuri.

Hapa nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje.

Tuliporudi Dar, shangazi zangu waliandaa shughuli. Maulidi, pilau, watu kama themanini, mabati ya kivuli hadi barabarani. Mashallah, amepona. Mgonjwa mwenyewe alikaa robo saa, kisha akaingia chumbani na hakutoka. Nilimfuata. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote hapa. Mojawapo lilikuwa kwamba mimi nilichomwa sindano siku tano mfululizo mpaka mifupa ikawa inauma kama inapasuka, na nilitoka kitandani, kwa nini yeye hawezi kutoka akale wali na watu wanaompenda. Alinitazama tu. Alikuwa hana nyusi bado. Akasema, "Dada, nimechoka kupona." Nikaona ni maneno ya jeuri. Nilikaa na maneno yale miaka mitano kama mwiba, mpaka huyu binti wa Kimarekani ambaye hanijui aliponifafanulia kwa kurasa zake chache zile.

Shida nyingine iko kwenye lugha yenyewe, na hapa naomba wataalamu mnisahihishe. Kupona kwa Kiswahili ni mambo mawili. Amepona malaria: ugonjwa umeisha. Amepona ajali: kifo kimemkosa. Wa kwanza amerudi alikokuwa. Wa pili amesimama kando ya gari lililopinduka, anatetemeka, viatu hana. Tunatumia neno moja, na ndugu wakisema "amepona" wanamaanisha la kwanza huku mgonjwa anaishi la pili. Jaouad anahitaji safari nzima kusema tofauti hiyo kwa Kiingereza. Sisi tunayo ndani ya kitenzi, na tumeikalia.

Halafu kuna methali yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaisema sebuleni: mgeni akija kuku anachinjwa, na mwenye nyumba naye anapata kula vizuri. Sijui kama kuna lugha nyingine yenye maelezo mafupi zaidi ya kupandikiza uloto. Kemo inaua uloto wa mwenye mwili, nyumba inabaki tupu, mgeni anaitwa aje mwenyeji apone. Mgeni akishatulia anazalisha damu yake mwenyewe. Hata kundi la damu linabadilika. Mdogo wangu alikuwa A, sasa ni O kama mimi.

Ila mgeni huyu ana kinga yake, na kinga haijui kwamba imehamishwa. Inaamka kwenye nyumba ngeni na kuona kila kitu ni adui: ngozi, ini, utumbo. Madaktari wana jina lake, na ukilitafsiri neno kwa neno ni pandikizi dhidi ya mwenyeji. Dawa za kuituliza zinamwacha mgonjwa bila ulinzi. Na hapa kuna jambo ambalo daktari alituchorea kwenye karatasi na mama akakataa kuliamini: ugomvi kidogo unatakiwa. Mgeni anayepigana kidogo anazisaka pia seli za saratani zilizojificha. Mgeni mpole kupita kiasi si habari njema sana. Kwa hiyo mdogo wangu alipotoka vipele vyekundu viganjani, daktari alitabasamu na mimi nikalia. Vile vilikuwa mimi. Mimi nilikuwa namla viganja.

Jaouad anajua haya yote na anayaeleza vizuri kwa upande wa mwenyeji. Upande wa mgeni ndio unaokosekana. Adam yupo, kitabu hakimsahau. Tunaambiwa alivyobeba mzigo, kijana mdogo aliyegeuzwa tumaini la familia nzima. Lakini anapita. Anatoa uloto wake na anaanza kufifia, kama wapambe wa harusi baada ya picha kupigwa. Ndicho nilichokasirikia mara ya kwanza. Niliandika pembeni ya ukurasa kwa penseli: NA HUYU JE?

Niliporudia nilijiuliza swali gumu zaidi. Je, ningependa mdogo wangu aandike kitabu changu? Aseme mimi nilikuwa nani chumba kile? Mtu asiyejua mifupa yangu ilikuwa inaumaje angelazimika kubuni, na ningemchukia kwa kubuni. Huenda Jaouad alimwacha Adam kwa heshima: kilicho ndani yake si changu kukisema, ingawa damu yake ni yangu. Uamuzi huo ninaweza kuuheshimu. Lakini basi uamuzi huo huo ungewafaa na wale wenyeji wa barabarani, ambao ndani yao tunaingizwa bila kubisha hodi. Mwandishi anayemstahi ndugu yake kiasi cha kunyamaza, mbona anamaliza siri za mgeni wa siku mbili? Sina jibu la upande wake. Najua tu kwamba kitabu kinapokuwa kimya juu ya Adam kina nguvu kuliko kinaposema sana juu ya wengine.

Nimtoe mmoja. Yule mfungwa wa Texas, Quintin Jones, aliyehukumiwa kifo na aliyemwandikia Jaouad akiwa amefungiwa kwenye chumba chake cha peke yake. Anamtembelea gerezani. Wanazungumza wakitenganishwa na kioo. Sura hiyo haina somo la kubeba, au kama lipo, kitabu hakikuweza kulifunga vizuri. Mmoja ametoka kwenye chumba cha kutengwa, mwingine hatatoka. Mwandishi haumalizi ulinganisho huo; anauacha uning'inie, na mimi nashukuru. Kitabu kilitoka mapema 2021. Mwezi Mei mwaka huo huo Jones alinyongwa kwa sindano ya sumu. Nimeandika "alinyongwa" kwa sababu kwa Kiswahili tunasema hivyo hata pasipo kamba.

Sasa kuhusu jina la kitabu, maana wahakiki wengi wanalipita. Falme mbili ni za Susan Sontag. Katika Illness as Metaphor, ya 1978, aliuona ugonjwa kama uraia: kila mtu ana nchi mbili, ya wazima na ya wagonjwa, na siku moja atalazimika kuitumia hati ya pili. Jaouad anachukua sitiari hiyo na kuuliza swali ambalo Sontag hakuliuliza: na mpakani je, wanaishi watu? Ni swali zuri. Lakini kuna jambo linalonifanya nilitazame jina hilo kwa baridi fulani. Sontag aliyeandika hayo alikuwa amepona saratani ya titi. Mwaka 2004 alifariki kwa saratani ya damu ya jamii hiyo hiyo aliyougua Jaouad, baada ya kupandikizwa uloto kule Seattle na uloto kukataa kumsaidia. Mwanawe, David Rieff, aliandika kitabu kuhusu miezi hiyo, Swimming in a Sea of Death, mwaka 2008. Kichungu, kifupi, hakina barabara wala mbwa. Rieff anajiuliza kama alifanya vibaya kumdanganya mama yake kwamba kuna matumaini, na hajisamehi. Nikiulizwa kitabu gani kisomwe na anayemuuguza mtu wa uloto, nitasema hicho. Nikiulizwa na mgonjwa mwenyewe, nitasema cha Jaouad. Na msibadilishane, tafadhali, si wakati wa kemo.

Wasomaji wenye subira watakuwa wameshajua kilichofuata. Mwishoni mwa 2021, karibu miaka kumi baada ya kupandikizwa, saratani ya Jaouad ilirudi. Februari 2022 alifunga ndoa na mwanamuziki Jon Batiste, akaingia hospitalini kupandikizwa mara ya pili. Aprili ya mwaka ule Batiste akachukua Grammy tano, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka, mke akiwa bado anauguza mwili. Filamu American Symphony ya Matthew Heineman, 2023, imeshika kipindi hicho. Dawa zilimvuruga macho asiweze kuandika, akashika brashi akawa anachora kwa rangi za maji. Mwaka 2024 akatangaza kwamba ugonjwa umerudi mara ya tatu.

Kwa hiyo unakisoma kitabu cha 2021 ukijua zaidi ya mwandishi wake. Ni hali ya ajabu kwa mhakiki. Kurasa za mwisho, ambapo anarudi nyumbani akiwa amekubali kuishi pale mpakani, zinaweza kuonekana kejeli. Mimi naona kinyume. Kitabu kingemaliza kwa kusema amepona, kwa ile maana ya kwanza, leo kingekuwa kimekufa. Kwa sababu kilikataa kusema hivyo, kinasimama. Ule ukaidi wa kukataa mwisho mzuri, ambao mara ya kwanza nilidhani ni pozi la kisomi, umekuwa ndio uaminifu wake.

Niseme kidogo juu ya rafu yetu wenyewe. Riwaya zetu za maradhi zimezaliwa na UKIMWI. Ua la Faraja ya William Mkufya, 2004, ni kazi kubwa, na nyingine nyingi ndogo zimefuata njia hiyo: nani ameambukizwa, nani atakufa, jamii ijifunze nini. Zilikuwa na haki, kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Lakini zilituachia mazoea ya kumaliza kitabu makaburini. Mtu aliyebaki hatujamwandikia. Na anakuja: Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na kule Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wanapandikizwa. Watakua hawa. Watapanga foleni ya chanjo ya surua wakiwa wakubwa, kama mdogo wangu alivyopanga kwenye kliniki ya watoto, mtu na ndevu zake, maana kinga ya utotoni inafutika na inabidi kuanza upya. Mama mmoja pale alimuuliza mtoto wake yuko wapi. Akasema, "Mtoto ni mimi." Mtu aniandikie riwaya inayoanza na sentensi hiyo.

Je, nakishauri kitabu? Ndiyo. Kisomeni chote, pamoja na barabara, hata mkichoshwa. Kiingereza chake si kigumu, na anayesoma magazeti atakimaliza kwa wiki moja. Natamani kitafsiriwe. Mtafsiri atakayejaribu atapambana na "survivor" tangu mwanzo: manusura ni wa meli, shujaa ni wa mabango ya kampeni, na kati ya hayo mawili hakuna kitu.

Nimempa mdogo wangu rasimu hii kabla sijaituma. Kasema nimekosea mambo mawili. Moja, siku ya maulidi hakuwa amenitazama tu. Alikuwa anajizuia asitapike kwa harufu ya pilau, na nyusi alikuwa nazo, chache. La pili, nimesahau kuandika kwamba tangu uloto wangu umeingia naye hawezi tena kula kamba, anavimba midomo kama mimi, na kwamba hili hajanisamehe, maana kamba wa Tanga alikuwa anawapenda kuliko watu. Nikamuuliza nifute nilipokosea? Akasema acha, na wewe umesimulia upande wako.

Kitabu anacho yeye sasa, na penseli yangu pembeni. Nimemuuliza jana amefika wapi. Kasema yuko Texas, na hana haraka ya kuondoka.